Tulivyovunja Mafiga ya Houston

Mkinikuta pembeni ya uwanja kule Haltom City, Texas, nimekalia kiti changu cha kukunja na chupa ya chai iko miguuni, msinisogelee na maswali ya mrushaji. Mrushaji ana watu wa kutosha wa kumsifu. Mimi ni mtu wa ulinzi. Niulizeni habari za mafiga, hapo nitawavutia kiti na chai nitawamiminia.

Shule nilifika darasa la nne, Kilosa, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini mabeki niliowafundisha mimi walikuwa hawapitwi ovyo, na hilo nalisema bila kumuomba mtu radhi. Wengi wenu mmezaliwa hukuhuku, Irving na Plano, mpira wa Kimarekani mmeutazama tangu mnatambaa. Mimi niliukuta nikiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza. Kwa hiyo mnivumilie nikiueleza ninavyoujua. Ndivyo nilivyowaeleza wachezaji wangu, nao walielewa.

Mpira wenyewe ni ule wa mkononi, wa kofia ngumu na kugongana. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Mrushaji anarusha, wapokeaji wanakimbia kwenda kudaka, mabeki tunazuia. Kwa kawaida wapokeaji husimama wametawanyika, kila mmoja na beki wake, mnatazamana machoni kama watu wanaodaiana ugomvi. Hiyo ni rahisi. Taabu inaanza pale unapokuta watatu wamejikusanya upande mmoja, bega kwa bega, mmoja mbele na wawili nyuma yake. Hayo ndiyo mafiga. Aliyeyapa jina hilo ni Wafula, Mkenya, muuguzi wa hospitali na beki wangu wa ndani, mtu mwenye mdomo usiochoka. Siku ya kwanza alipoyaona alisema, "Mzee, hawa wameweka mafiga. Chungu ni sisi."

Na kweli chungu tulikuwa sisi. Maana mpira ukianza tu, mafiga yanasambaa. Wa kulia anakatiza kushoto, wa kushoto anakatiza kulia, na yule wa mbele anazubaa njiani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Mabeki wako, kila mmoja akiwa amekazana kumfuata mtu wake, wanavaana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja chini, mwenzake juu yake, na mpokeaji anaingia kufunga akitembea, kama mtu anayeitwa mezani na mama yake.

Dawa yake nilifundishwa na mzee mmoja Mmarekani, Otis. Huyu alikuwa msimamizi wetu uwanja wa ndege, tulikokuwa tukipakua mizigo, na kila Jumamosi alifundisha ulinzi kwenye timu ya watu wazima, timu ya wafanyakazi, siyo ya wataalamu. Aliniona siku moja nagombania sanduku na mwenzangu kwenye mkanda. Masanduku matatu yalishuka yamesongamana, sisi wote wawili tukarukia lile la katikati, tukagongana vichwa, na mengine yote yakapita zake. Otis alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaniambia, "Selemani, usikimbilie sanduku. Simama upande wako. Litakalokuja upande wako ni lako. La upande mwingine lina mwenyewe."

Jumamosi ile akanichukua uwanjani nikashike mto wa mazoezi, ule wanaougonga. Nilipoona zile kofia na zile pedi za mabega nikadhani ni watu waoga wa kuanguka. Nikagongwa mara moja tu, nikaelewa kofia ni za nini. Lakini nilipomsikia Otis akiwaambia mabeki wake kuhusu mafiga maneno yaleyale ya masanduku, nilijua nimepata kazi yangu ya pili. Nilikaa naye miaka. Alipohamia kwa binti yake jimbo jingine, ulinzi ulibaki mkononi mwangu, na sikuuomba.

Basi nendeni na hili, vijana. Kwenye mafiga usiwe na mtu wako. Uwe na upande wako. Beki wa pembeni anamchukua wa kwanza kutoka nje, awe nani, awe mrefu awe mfupi, awe yule aliyekutukana kipindi cha kwanza. Beki wa ndani anamchukua wa kwanza kuingia ndani. Beki wa kati, anayesimama nyuma yao kidogo, anamchukua wa tatu, atakayebaki. Tena msisimame mstari mmoja kama mnapigwa picha. Mmoja awe karibu, mwingine arudi nyuma, ili mkipishana msikanyagane. Macho yawe kiunoni kwa mpokeaji. Kichwa kinadanganya, mabega yanadanganya, miguu nayo ina hila zake, lakini kiuno kinakwenda kule mwenyewe anakokwenda.

Na semeni. Hilo ndilo linalowashinda wengi. Ninyi mna simu. Mechi ikiisha, kabla hamjavua viatu mmeshairudia kuitazama. Ni jambo zuri, wala siwacheki, na mimi mwenyewe mwishoni nilinunua kile kibao kikubwa cha kutazamia, tableti, nikaona makosa ambayo jicho langu lilikuwa limeyakosa. Lakini simu haitakupigia kelele katikati ya mchezo. Wa kukupigia kelele ni yule beki wa kati, kwa sababu yeye yuko nyuma, anaona wote. Akinyamaza, wenzake ni vipofu.

Sasa niwaambie nilivyopata beki wa kati asiyeweza kupiga kelele.

Alikuwa anaitwa Amani, kijana wa Kikongo, ametua Haltom City na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi. Miguu anayo, macho anayo, akili ya mchezo sijaona mfano wake. Pembeni, upande uleule, alicheza Bisimwa, mwanamume wa makamo kidogo, kifua kama mlango. Bisimwa ni baba mdogo wa Amani, mdogo wake marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu hajui kuvaa kiatu. Wote wawili walifanya kazi ghala moja, walipanda gari moja, walikuja mazoezini pamoja. Nilidhani nimeokota dhahabu.

Mwaka huo, 2018, Houston walikuja kwetu. Kila walipobanwa waliweka mafiga upande wa Bisimwa. Mara ya kwanza wakafunga. Mara ya pili wakafunga. Mara ya mwisho, mechi inakwisha, Bisimwa akamfuata mpokeaji wake ndani, Wafula akamfuata wa kwake nje, wakavaana, na Houston wakafunga la ushindi hakuna aliyewagusa.

Kocha mkuu wetu, Dale, Mmarekani wa Fort Worth, mtu mzuri lakini mkavu, alinivuta pembeni.

"Mzee," maana wote waliniita hivyo, na yeye pia, "kitu kilekile mara tatu."

"Nimeona."

"Tunarudiana nao kwao karibu na mwisho wa msimu. Wakitufunga na mafiga tena, ulinzi nampa mtu mwingine. Sikuchukii. Ila nitampa."

"Ukifika wakati huo, nitakupa filimbi mwenyewe," nilimjibu. Mimi nilikuwa nimeshastaafu mizigo. Mgongo ulikuwa umekataa. Ulinzi ule ndiyo kazi niliyobaki nayo, ndiyo iliyonitoa kitandani. Ningenyang'anywa, ningebaki mzee wa kutazama televisheni Irving.

Nikamwita Amani. "Hukuwaona wanapishana?"

"Niliwaona, muzee."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilianza kusema."

"Ulianza kusema nini?"

Akatazama chini. "Nilisema, baba mudogo, pardon, ule wa..."

Wafula alikuwa nyuma yangu anafungua kamba za viatu. Alijitupa kwenye nyasi. "Pardon! Mzee, jamaa ameshafunga, ameshacheza na ngoma, na huyu bado yuko kwa pardon!"

"Wafula, nyamaza," nikasema. Lakini nilikuwa nimeshajua ugonjwa.

"Muzee," Amani akaniambia taratibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho njo ni ndiye, "ule njo alinilea. Namna gani nitamupandishia sauti mbele ya watu?"

Mmarekani angeyaona haya mambo ya kitoto. Mimi sikuyaona hivyo. Hata mimi, mjomba wangu angekuwa pembeni pale, sijui kama ningemkemea. Heshima kama ile haivuliwi pamoja na jaketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ila Houston walikuwa hawaijui, na walikuwa wanapita ndani yake kama wanapita mlango ulioachwa wazi.

Nikajaribu la kwanza: nikamwambia Amani amwite kwa jina tu. Mazoezi ya Jumanne, mafiga yakasambaa, kijana akafumba macho akapiga kelele, "Bisimwa!" Bisimwa akasimama palepale, mpokeaji akampita na hata hakumtazama. Akavua kofia.

"Nani ameniita?"

Hakungoja jibu. Akaenda kukaa kwenye gari lake, akafunga mlango, na mazoezi yakaishia hapo. Mazoezi yaliyofuata Amani hakuja.

La pili, aliporudi, nikawabadilisha nafasi, baba mdogo akae kati, mwana pembeni. Kwa kutoa amri Bisimwa hakuwa na shida, alitoa amri hata kwa waamuzi. Lakini macho yake yalichelewa. Alipoona, jambo lilikuwa limeshapita. Alikuwa akiwatangazia habari za jana. La tatu, ishara za mikono. Nani anatazama mkono wakati anakimbizwa? Wafula akaniambia, "Mzee, hiyo filimbi anza kuipangusa, inataka mwenyewe mwingine." Nikamfukuza na chupa ya maji.

Basi nikakumbuka kwamba nilikuwa naanzia mahali pabaya. Nilikuwa naongea na mtoto, na mwenye mtoto nimempita. Kwetu huchukui kitu cha mtu bila kubisha hodi, na sauti ya yule kijana ilikuwa na mwenyewe.

Jumapili nikavaa kanzu, nikanunua kreti ya soda na kilo za mchele, nikaenda kwenye fleti yao. Mke wa Bisimwa alinikaribisha, akaweka ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, tukala bila kutaja mpira. Amani alininawisha mikono, kisha akakaa pembeni kwa adabu zake. Tulipomaliza nikasema:

"Bisimwa, nimekuja kukuomba kitu."

"Sema, muzee."

"Nimekuja kukuomba sauti ya mtoto wako."

Alijua nazungumzia nini. Akasema, "Muzee, mimi si mutu mubaya. Lakini mutoto akinipigia kelele leo uwanjani, kesho ataniita namna gani hapa nyumbani?"

Swali zito hilo. Nikamuuliza na mimi.

"Nyoka akiingia hapa, akapita nyuma ya kiti chako. Wewe hujamuona, Amani amemuona. Unataka akuambie nini?"

"Aseme nyoka!"

"Asianze na baba mdogo kwanza? Asiseme pardon?"

Bisimwa akatazama nyuma ya kiti chake kabisa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mke wake akatoka jikoni. "Akianza na pardon, nimeshakufa na heshima yangu mukononi!"

"Akisema nyoka, amekutukana?"

"Hapana."

"Amekutuma?"

"Hapana. Ameniambia tu nyoka iko wapi."

"Basi uwanjani asikutume. Asitaje jina lako, asikuambie ufanye nini. Aseme tu adui anakwenda wapi. Ndani. Nje. Mbali. Unachofanya wewe ni juu yako, wewe ndiye mkubwa."

Akamgeukia Amani, na hapo hapakuwa na kicheko tena. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba mudogo."

"Nimekupa."

Vijana, nimefundisha mambo mengi, lakini hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote, na halikutoka kwa Otis wala kwa kibao cha kutazamia. Tukafanya mazoezi ya kelele tupu. Nilimweka Amani upande mmoja wa uwanja na mimi upande wa pili, upepo wa Texas katikati yetu, nikamwambia aseme "inje" kama wanavyosema kwao mpaka niisikie. Siku za mwanzo alikuwa kama mtu anayeomba chumvi. Baadaye mbwa wa jirani walianza kumjibu.

Tukashuka Houston. Joto la kule si kama letu. La kwetu linachoma, la kule linakulowesha. Watu wao wamejaa pembeni, wametukalia masikioni. Mmoja aliniona nimesimama na kofia yangu ya barghashia akanipigia kelele, "Babu, mafiga yanapika leo?" Alisema kwa Kiingereza chake na neno lake, lakini maana ni hiyo.

Na kweli, walipoyaweka mara ya kwanza, Amani akakauka. Nilimuona mdomo umefunguka na hakuna kilichotoka. Wakafunga. Dale akaja akasimama ubavuni kwangu. Kocha akija kusimama ubavuni kwako bila kusema kitu, ujue anahesabu nyumba yako ina vyumba vingapi, ampangishe mwingine.

Hapo ndipo Bisimwa alipofanya jambo lake. Alimwendea Amani karibu na mstari wa pembeni, akamshika kofia kwa mikono miwili, paji kwa paji. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nyoka ilipita. Mbona hukusema?"

"Baba mudogo..."

"Nilikupa ile kitu. Unanirudishia? Mimi njo nakuomba sasa. Panda sauti!"

Mkubwa akikuomba, hata heshima yenyewe haina tena pa kujificha. Mafiga yaliyofuata, kijana alitoa sauti ambayo mpaka mrushaji wao aligeuka kutazama. "Ndani!" Wafula akamdaka wa ndani. "Inje!" Bisimwa akamfunga wa nje. Mrushaji akashika mpira, akatazama, akatazama, akaangushwa nao mkononi. Wakajaribu tena, hivyohivyo. Wafula anamwambia kila aliyemkamata, "Pardon, pardon sana," na wale hawajui anacheka nini.

Mechi ikafika ukingoni. Sisi tunaongoza kwa kidogo sana, Houston wako karibu kabisa na mstari wa kufunga, na wamebakiwa na jaribio la nne, la mwisho. Nilijua watakachokiweka. Dale alijua. Hata yule mpiga kelele pembeni alijua. Mafiga, upande wa Bisimwa.

Mpira ukaanza. Wa nyuma akaingia ndani, Wafula akawa naye. Wa pili akakimbia mbali, Amani akampima kwa jicho na kumkaribia. Wa mbele akainama kama anaingia ndani naye, na Bisimwa akahamisha uzito wa mwili kumfuata. Hapo ndipo walipotufungia kwetu, hatua ileile. Lakini Amani alikuwa ameona kiuno.

"INJE!"

Bisimwa hakutazama. Hakuuliza. Hakungoja kuona kama ni kweli. Alijitupa nje upande wake, mgongo wote umeelekea kwa mpokeaji, mkono mmoja hewani, na mpira ukamgonga kiganja ukaanguka kwenye nyasi. Ukabingirika kidogo, ukatulia. Mwamuzi akapunga mikono: imekwisha.

Wenzake walimrukia Bisimwa mpaka sikumuona. Mimi sikukimbia popote, mgongo haukuniruhusu. Nilisimama mahali pangu nimeshika filimbi. Dale akanisogelea, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Kijana alisema nini pale?"

"Alisema nje."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akavua kofia yake, akajifuta uso, akaivaa tena.

"Jumanne uje mapema," akasema. "Wiki ijayo tuna wale wenye mbio."